Pikipiki ya Mradi na Mafuta ya Pamba

Jumanne, 14 Mei 1996

Leo nimechukua oili Bariadi. Lita mbili, za pikipiki ya Mradi wa Mbegu. Bwana Thomasi, msimamizi wetu, kanikabidhi kwa uchungu utadhani anatoa figo. Wafadhili wanafunga mifuko, alisema, kila bibi shamba atunze chombo chake. Ndiyo, bwana.

Kufika nyumbani Dutwa, kaka Kasmiri yupo kibarazani. Katoka Shishiyu kwa basi. Mashine yake ya kusaga imesimama siku tisa kwa kukosa oili. Siku tisa! Wanawake wanatwanga kwa mikono na kumtukana. Kaka huyu ndiye aliyenisomesha. Nimempa lita zote mbili. Pikipiki itavumilia wiki moja hivi, nitatafuta nyingine.

Kwenye kitabu cha pikipiki nimeandika: Oili imebadilishwa. Tarehe, saini. Bwana Thomasi hukagua kitabu, injini hajawahi kuikagua hata siku moja.

Jumatatu, 10 Juni

Mzee Masunga tena. Ni mhudumu wetu wa ofisi, na kila Jumatatu asubuhi, kabla hata ya kufagia, huchomoa kijiti cha oili, hukifuta kwa kitambaa chake, hukitumbukiza, hukichomoa, hukitazama juani. Halafu anakuja mlangoni na kofia mkononi, ananiamkia kwa Kisukuma na kuniita mayu, yaani mama.

— Mwangaluka, mayu. Oili imekuwa lami. Tena imeshuka.

Nimemjibu tumeagiza. Wiki ya nne hii namjibu tumeagiza. Kitabu hasomi, herufi zinamchosha, kwa hiyo hajui nilichoandika. Akanisimulia tena habari za zamani: alipokuwa ushirika akitunza pikipiki za makarani, oili ilimwagwa kila mwezi, na karani aliyechelewa alinyang'anywa funguo. Nikamcheka. Mzee, ushirika umekwisha, sasa ni soko huria. Akasema yeye hajaona injini iliyoambiwa habari hizo.

Kilomita nazo hazijulikani. Waya wa mita umekatika tangu Machi, namba zimeganda palepale. Na mimi sikuulilia. Nikiziona zimeganda najiona sijasafiri.

Jumamosi, 6 Julai

Siku ya ajabu. Nimetoka kwa wakulima, vijiji viwili. Msimu wa pamba umefunguliwa, wanunuzi wa kampuni tatu wanagombania mizani moja, hakuna aliyetaka kusikia habari zangu za mbegu. Nikageuza. Njiani injini ikaanza kugonga — ko, ko, ko — na joto likanichoma mguu hadi nikasimama.

Kijiti kikavu! Ncha tu ndiyo imelowa, nyeusi.

Mahali hapo kuna genge moja. Chumvi, sabuni, betri. Na mafuta ya pamba, yale yanayokamuliwa na kiwanda kipya. Jua linawaka, Dutwa mbali. Nikajiambia mafuta ni mafuta. Mimi! Mwenye cheti cha chuo, ninayewagombeza watu kila siku kwa kuchanganya dawa ya pamba kwa kukisia. Nikanunua na kumimina mafuta ya ujazo wa chupa mbili za soda.

Na ikatulia kabisa. Nilijiona nina akili kuliko mafundi wote wa Bariadi. Moshi ulinukia maandazi njia nzima. Wanawake wa kisimani waliuliza bibi shamba anapika nini huko nyuma. Tukacheka wote.

Jumatatu nitamwambia Masunga ayamwage. Nitatafuta oili halisi popote ilipo.

Jumatatu, 8 Julai

Sikumwambia.

Nilikuta ameshapima. Akaingia na kijiti mkononi, anatabasamu hadi pengo likaonekana. Asante sana, mayu, oili mpya, ya rangi ya asali! Akainusa. Harufu ngeni kidogo, akasema, lakini siku hizi ni soko huria, kila oili inakuja na harufu yake.

Nilikuwa na nafasi hapo. Maneno matatu tu. Lakini bwana karani wa kata alikuwa amekaa pale, na kile cheti changu kimetundikwa ukutani, nikaona aibu. Nikacheka tu. Saa nne Masunga akaondoka na pikipiki kupeleka taarifa Bariadi kwa sababu mimi nilikuwa na kikao. Ufunguo nimempa kwa mkono wangu.

Saa saba hajarudi. Saa tisa hajarudi.

Saa kumi na moja nikamwona barabarani, anaisukuma. Shati limelowa lote, viatu kavivua kaning'iniza kwenye usukani. Injini ilikamata ghafla akiwa anarudi, gurudumu likagoma, akaanguka. Kiwiko kimechunika. Kaisukuma kwa muda wa saa nne juani, mtu wa miaka hamsini na kitu. Neno lake la kwanza:

— Nisamehe, mayu. Nimekuulia pikipiki.

Jumatano, 10 Julai

Fundi Novatus kaletwa kuifungua. Bwana Thomasi kaja mwenyewe kutoka Bariadi na gari. Tumesimama tunaizunguka, mithili ya watu wa msibani.

Ndani ni uchafu mtupu. Ute mweusi unanata, umegandia kila tundu, kama chini ya kikaango kisichooshwa. Pistoni imekwaruzwa, beringi zimekwisha. Novatus kachukua ute kwa kidole, kanusa. Kanusa tena.

— Haya ni mafuta ya pamba. Nani kapikia humu?

Hakuna aliyecheka. Akaeleza, taratibu, kama anafundisha darasa: oili ya injini inalainisha, lakini pia inabeba joto na kusomba uchafu. Ikichoka lazima imwagwe, kila mwezi kwa barabara zetu za vumbi. Mafuta ya kupikia yanaungua na kugeuka gundi. Alisema injini hii ingeweza kutembea miaka kumi mingine kwa kupewa oili tu. Nilisimama nasikiliza, nikitikisa kichwa kama mtu anayesikia mapya.

Bwana Thomasi akauliza nani anayeshughulika na oili kila wiki. Karani akaonyesha kwa kidevu. Wote wakamtazama Masunga. Na mimi nikamtazama. Mungu wangu, na mimi pia nikamtazama!

Ijumaa, 12 Julai

Kikao.

Bwana Thomasi alifungua kitabu cha pikipiki, akasoma kwa sauti: Oili imebadilishwa, tarehe kumi na nne Mei. Saini ya bibi shamba hii hapa. Basi oili nzuri ilikuwamo, alisema. Mtu kaimwaga, kaiuza, kajazia mafuta ya pamba. Mtu anayeshika kijiti kila Jumatatu.

Masunga alisimama. Akasema, bwana, mimi nimekuwa nikiomba oili tangu Mei, sikuona oili mpya mpaka Jumatatu hii. Bwana Thomasi akamuuliza: unataka kusema Bibi Eufrasia ameandika uongo?

Masunga akanigeukia. Macho yake hayakuwa na hasira hata kidogo. Alitazama kitabu, akanitazama, akatazama kofia yake.

— Kama mayu kaandika, basi ilibadilishwa. Labda macho yangu ndiyo yamezeeka.

Na mimi nilikaa. Nilikaa! Kalamu mkononi, naandika muhtasari wa kikao.

Baadaye Bwana Thomasi akaniita pembeni. Mradi lazima upunguze watu watatu kabla ya Nane Nane, hili limemrahisishia kazi. Mwizi anafukuzwa bila kiinua mgongo. Miaka kumi na tisa ya kufagia na kupima oili, halafu arudi kwao Kimali na jina la mwizi. Ameagizwa ajieleze kwa maandishi kabla ya Jumatatu saa nne. Pole kwa usumbufu, bibi shamba, aliniambia. Alinipa pole!

Jumapili, 14 Julai

Nimekwenda misa. Sikukomunika. Monika, jirani yangu, kaniuliza kama ninaumwa. Nimesema tumbo.

Neno la kumwambia Bwana Thomasi nimeshalipanga mara ishirini. Nikisema, ninayefukuzwa ni mimi. Binti yangu Nancy yuko kidato cha pili, baba yake alishakufa, na huku hakuna anayeajiri bibi shamba aliyefukuzwa kwa kughushi kitabu. Nyumba ni ya mradi. Nikinyamaza, naamka kila siku na huyu mtu ninayemwona kwenye kioo.

Nimefikiri hata kumwandikia Bwana Thomasi barua isiyo na jina. Mwandiko wangu anaujua. Na nimefikiri jambo baya zaidi, kwamba Masunga ni mtu mzima, ana ng'ombe wachache Kimali, hatalala njaa. Nilifikiri hivyo nikiwa nimepiga magoti kanisani. Sina la kujitetea. Nilidhani mimi ni mtu mwema aliyekosa oili, kumbe ni mtu wa namna hii.

Jumatatu, 15 Julai

Saa moja na nusu asubuhi. Hodi. Masunga.

Kavaa shati lake la Krismasi. Kiwiko bado kimefungwa kitambaa. Nilidhani kaja kunitukana, nikashukuru hata, nikamkaribisha kwa furaha ya kichaa. Hakuja kunitukana. Kaniletea karatasi mbili za mistari na bahasha.

— Mayu, mimi mwandiko wangu unajua ulivyo. Bwana Thomasi atacheka. Nisaidie kuandika ile barua ya kujieleza. Wewe ulikuwepo tangu mwanzo, unajua kila kitu.

Unajua kila kitu. Alisema hivyo taratibu, bila kunitazama, akipuliza chai niliyompa. Anajua? Hajui? Nimeutazama uso wake hadi macho yakauma na sijapata jibu.

Nikamuuliza anataka niandike nini. Akafikiri. Niandike jina lake lote, miaka aliyofanya kazi, kwamba hajawahi kuiba hata msumari. Halafu niandike namna mafuta ya pamba yalivyoingia kwenye injini.

— Hapo andika unavyoona wewe, mayu. Mimi nitatia dole gumba.

Nimesema ninaandika mezani chumbani, kuna mwanga mzuri. Karatasi zake ziko hapa mbele yangu. Jina lake nimeliandika, na miaka kumi na tisa nimeiandika, na msumari. Baada ya hapo nikavuta daftari hili, kwa sababu kalamu ikisimama atasikia. Yuko sebuleni, mlango uko wazi nusu. Kaweka kofia gotini. Anasikia ninavyoandika na anatikisa kichwa kwa kuridhika, anadhani barua yake inakuwa ndefu na nzuri.

Saa tatu kasoro. Ofisi inafunguliwa.

Sasa hivi ameuliza kwa upole kama nimeshafika kwenye mafuta. Nimemjibu bado kidogo.