Kipimo Kilichokunja Magoti

Mpendwa mshauri,

Kuna jambo sijamwambia mtu yeyote, hata mama ambaye huwa ananitoa maneno kwa kunitazama tu, nami nakuandikia wewe kwa sababu hunijui na huwezi kuniona: nilikunja magoti ndani ya sketi yangu ya shule, na sasa mtoto wa watu anaitwa mwongo.

Naomba nieleze tangu mwanzo maana najua inasikika kama nimechanganyikiwa. Mimi ni msichana wa kidato cha tatu, mpole kupita kiasi, wa kusoma vitabu hata kwenye foleni ya maji, na ni mrefu. Sizungumzii urefu ule ambao watu husifia. Nazungumzia urefu wa kugonga kichwa kila mlango wa duka, urefu ambao tukipiga picha na wenzangu mpiga picha analazimika kuchagua kati ya miguu yao na kichwa changu. Shuleni naitwa Mlingoti. Nimejifunza kutembea nimejipinda kama alama ya kuuliza, na mama amechoka kuniambia, "Nyoosha mgongo, mwanangu, mimi nilizaa mtu, sikuzaa ndoana."

Sasa mwalimu wetu wa hisabati alikwenda kujifungua, na kabla hajaondoka akaniita ofisini akaniomba niwe nawafundisha kidato cha kwanza mada ya vipimo na skeli mpaka apatikane mwalimu mwingine, nami nilitaka kusema siwezi, lakini kwangu kukataa kunahitaji sauti kubwa kuliko kukubali, basi nikakubali. Somo la kwanza nililifundisha nikiwa nimeuelekea ubao kipindi kizima, mpaka mtoto mmoja akauliza kwa upole, "Dada, ubao umeelewa?"

Kwa somo la pili nilijiandaa. Nilikuwa nimesoma mahali kwamba zamani watu walipima kwa mikono na nyayo, na kwamba kipimo chochote kinafaa mradi kisibadilikebadilike, nikawaambia hivyo kwa fahari kubwa, kisha nikawaambia tutachora ramani ya jengo letu la madarasa, kundi moja lichore vyumba vya kushoto mwa korido na kundi la pili vya kulia, halafu tuunganishe karatasi mbili za manila katikati ya korido, ila tepu ya shule imepotea, kwa hiyo wachague wenyewe cha kupimia. Nilitegemea waseme mpini wa ufagio. Mvulana wa dawati la nyuma akapaza sauti, "Tumtumie dada! Ni mrefu, tutamaliza mapema." Darasa zima likashangilia, nami badala ya kukataa (rejea hapo juu) nikakubali.

Basi nikasema kila kundi likate kamba yenye urefu wangu, kisigino hadi utosi, na urefu huo tukauita dada, na dada moja ikawa sentimita mbili kwenye karatasi. Naomba uelewe kwamba hivi sasa kuna watoto arobaini wanaojua kuwa meza ya mwalimu ina kimo cha nusu dada.

Kundi la kwanza lilinipimia mlangoni, upande wa ndani, na kwa kuwa hapakuwa na wa kunitazama isipokuwa wao, nilisimama wima. Kundi la pili likaona mlangoni pamejaa, likanitoa nje, koridoni. Kiongozi wao ni msichana mdogo anayeitwa Kifutio, kwa sababu hafanyi kitu mara moja, lazima afute arudie. Akapanda juu ya kiti na kamba yake, na hapo hapo wavulana wa kidato cha nne wakapita wakitoka maabara, mmoja akasema, "Mlingoti, huko juu mvua imeshaanza?" Wakacheka. Mshauri, mwili wangu haukuniuliza. Magoti yakakunjika ndani ya sketi, mabega yakashuka, shingo ikaingia ndani kama ya kobe, na Kifutio, ambaye macho yake yalikuwa utosini kwangu, akakata kamba. Nilijua pale pale mkasi ulipofunga. Ningesema tu, "Ngoja, rudia." Nikanyamaza.

Ijumaa tukaunganisha karatasi. Korido ile ile, kwa kundi la kwanza ni dada kumi na saba, kwa kundi la pili ni kumi na nane na ushee, na milango haikutazamana hata mmoja. Kwa mujibu wa ramani yetu, mtu akitoka maktaba akavuka korido anaingia moja kwa moja choo cha wavulana. Walicheka kwanza, kisha wakazilinganisha kamba, ya kundi la pili ikaonekana fupi.

"Mmekata kipande mkafungie mpira wenu!"

"Hatujakata!"

"Kamba imejikata yenyewe? Waongo nyie!"

Kifutio hakupiga kelele. Alinigeukia mimi akasema, "Dada, si ulikuwepo? Waambie tuliikata pale pale kichwani kwako." Watoto wote wakanitazama. Nikasema, "Tutaangalia Jumatatu," nikachukua kifuta ubao nikafuta ubao ambao haukuwa umeandikwa kitu. Jumatatu ikafika, nikafundisha desimali.

Darasa limeamua bila mimi kwamba karatasi ya kundi la pili isibandikwe ukutani siku ya wazazi, mwisho wa mwezi, na Kifutio asiwe tena kiongozi. Yeye aliyekuwa akiniuliza maswali mpaka kengele inalia sasa anakaa ameinamia daftari. Nimefikiria kuingia darasani asubuhi na mapema nikaipunguze kamba ya kundi la kwanza ilingane na ile fupi, ili makundi yote yakosee sawasawa na ugomvi uishe, na nimefikiria pia kusingizia kuumwa koo, ingawa sidhani kama kuna mtu atagundua tofauti. Adhabu siiogopi. Ninachoogopa ni kusimama mbele yao niseme nilijikunja, wakajua kwamba lile jina linaniuma, maana wakishajua hawataacha. Nifanye nini?

Ni mimi,
Dada Asiye na Urefu Maalumu

MSHAURI ANAJIBU

Binti yangu,

Sikufichi, nimecheka, hasa pale kwenye ubao. Kisha nikafika kwa Kifutio, kicheko kikanikauka.

Pole kwanza. Kuchekwa kila siku katika korido ambayo huna njia nyingine ya kupita kunachosha, na wale wavulana wangekuwa wanangu wangenitambua. Hukujikunja kwa ubaya. Hilo la magoti nimelisamehe kabla hujamaliza kuliandika.

Lililobaki silisamehe upesi. Uliwafundisha watoto kwamba kipimo chochote kinafaa mradi kisibadilike, wakakuamini, wakakushika wewe. Kipimo kikabadilika, na aliyeshtakiwa ni aliyepima. Mtoto alipima kwa uangalifu kile kilichowekwa mbele yake, akaja kwako akaomba ushahidi, nawe ukampa Jumatatu. Wewe unayejua uchungu wa kutazamwa na watu wengi umemwacha mtoto mdogo kuliko wewe atazamwe peke yake. Unalisikia hilo linavyosikika?

Na habari ya kuipunguza kamba nyingine sitaki kuisoma tena. Karatasi mbili zitakubaliana, sawa, na zote mbili zitakuwa na kosa lile lile, na watoto wataondoka wakiamini kwamba kukubaliana na kuwa sahihi ni kitu kimoja. Watu wazima wanaoamini hivyo tunao wa kutosha, usituongezee. Koo lako nalo liache, ni zima.

Sasa sikiliza utakavyofanya. Alishtakiwa mbele ya darasa, basi asafishwe mbele ya darasa. Usiende kumnong'oneza pembeni na pipi mkononi. Somo lijalo, kabla hujafungua kitabu, waambie mambo matatu: kamba ni fupi kwa sababu nilijikunja, kundi la pili halikukata kitu, nilijua nikanyamaza. Sauti ikikugomea, andika ubaoni, lakini ukimaliza geuka uwatazame. Kwa nini ulijikunja ni mali yako. Ukitaka kusema sema, usipotaka hakuna anayekudai. Kisha Kifutio akupime upya, wote wakiona, na kamba yake ilazwe kando ya ile ya kundi la kwanza, asije mtu akasema unamkingia kifua. Siku nyingine kamba ya pili ikatwe kwa kufuata ya kwanza, msirudi tena kwako. Nawe utakuwa umewafundisha vipimo vizuri kuliko kitabu chochote kilichopo kwenye mkoba wako.

La mwisho. Umejiita alama ya kuuliza, umejiita kobe, umeijaza barua nzima vichekesho juu ya mwili wako. Una kipaji cha utani, usikiache. Ila naona unawahi kujipiga kabla wengine hawajanyanyua mkono, na huko nako ni kukunja magoti. Usiniandikie tena mpaka uwe umeshawaambia.

WIKI MBILI BAADAYE

Mshauri, nimewaambia.

Jibu lako nililisoma asubuhi, na somo lilikuwa siku hiyo hiyo mchana. Sauti ilinigomea kama ulivyotabiri, nikaandika ubaoni mambo mawili ya kwanza, nikageuka, la tatu nikalisema kwa mdomo. Mmoja akauliza, "Kwa nini ulijikunja?" Nikasema, "Naona haya nikichekwa kwa urefu." Wawili wakacheka, wengine hawakucheka. Kiongozi wa kundi la kwanza akamwambia Kifutio, "Basi samahani," kwa sauti ya mtu anayemeza dawa chungu.

Kifutio hakusema kwamba amenisamehe, nami sikumwuliza. Alivuta kiti, akapanda na kamba mpya, akasema, "Visigino viguse ukuta. Magoti niyaone." Nikaipandisha sketi kidogo ayaone. Akayatazama, akapima, akashuka, akapanda tena akapima mara ya pili, ndipo akakata. Wakailaza sakafuni kando ya kamba ya kundi la kwanza, zikawa sawa.

Kundi lake likatoka nje, koridoni, kuanza upya tangu mlango wa kwanza. Nikawafuata, nikapiga magoti sakafuni nikawashikia ncha ya kamba.