Televisheni ya Barazani

Marahaba, mjukuu wangu Neema wa Mbeya,

Kwa heshima na taadhima natangaza: hapa Kipawa tumefunga dishi jipya na king'amuzi kipya! Tu wazima, ila tangu tuhamie bibi yako hana wa kuongea naye.

Unauliza kwa nini televisheni nimeiweka barazani. Ujanani, Tandale, baba alikuwaga akiigeuza ielekee dirishani, majirani watazame wakiwa uani. Hapo ndipo binti mmoja aliponifokea, "We kaka, inamisha kichwa, unatuzibia goli!" Nikamwoa.

Kusema kweli, jana fundi alipoondoka walikuja majirani wawili tu, na mvua ikakata picha. Wakainuka. Bibi yako akasema, "Mwende wapi? Chai ipo." Wakapiga soga hadi magharibi, tukasahau hata kuizima.

Babu yako