Shukrani Zako kwa Abuu

Bagamoyo,
Jumatatu

Kaka yangu Mikdad,

Shikamoo. Natumai wewe, wifi na watoto hamjambo huko Chalinze. Sisi hapa wazima. Mama yumo edani, anakula kidogo kidogo.

Barua yako imefika. Umeniagiza nimfikishie jirani yetu Abuu shukrani kwa kusimama nasi kwenye msiba wa Baba. Samahani kaka, sitazifikisha. Nikimwona tu, napita njia nyingine.

Ulipokuja kuzika, kiwanda chake cha matofali ulikikuta kimya. Sisi tulikuwa nacho kimepakana na ukuta wa chumba alicholazwa Baba. Mashine ya kufyatulia ilinguruma tangu asubuhi hadi magharibi, vikombe vikicheza kabatini, vumbi la saruji likitua hadi kwenye uji wa mgonjwa. Nilimwendea Abuu mara tatu, nikimwomba azime japo saa moja mchana, Baba apate usingizi. Mara ya tatu alinijibu mbele ya mafundi wake, "Dada, mji unajengwa. Ukitaka kimya, kiko makaburini." Wakacheka. Mwenyekiti wa mtaa naye aliniambia nivumilie, kila mtu anatafuta riziki. Nyuma ya ofisi yake niliyaona matofali ya Abuu, mabichi bado, yamepangwa kwa ajili ya choo kipya.

Siku ya maziko ndipo alipoizima. Akaja na kanzu nyeupe, akabeba jeneza mbele, watu wakamsifu kwa ujirani mwema.

Sasa nikuambie nililolificha. Asubuhi aliyofariki, Baba alinishika mkono, akasema, "Mikdad." Kisha midomo ikaendelea kucheza, maneno mengi, macho kanikazia. Niliinama hadi sikio likagusa ndevu zake. Sikusikia kitu, kaka. Mashine ilikuwa inanguruma. Iliponyamaza, Baba alikuwa ameshakata roho.

Yale niliyokuambia kwenye simu, kwamba amekusamehe ile ndoa yako na miaka sita ya kutosemeshana, kwamba amekuachia radhi, niliyatunga mimi. Ulikuwa unalia, nikashindwa kukwambia sijui. Leo unaniandikia kwamba umewasimulia wanao maneno hayo, nami najiona mchafu kuliko Abuu. Nilichosikia ni jina lako tu. Kilichofuata anakijua Mungu.

Mama anakusalimu, haya hayajui. Nipakatie watoto, na wifi mpe salamu zangu. Ukinikasirikia ni haki yako, ila kwenye arobaini usikose.

Mimi nduguyo,
Mwanamkasi