Aliyekuwa Akimwosha Mtoto

Mjukuu wangu uliyeko Tanga,

Marahaba. Ukoo umenifanya bibi yako, ingawa nimetoka shule juzi tu. Hapa Korogwe mahindi yameanza kubeba, na baba yako hajambo.

Umeuliza kwa nini mdogo wako alikufa. Muuguzi wa Kidachi alimfundisha mama yako kwamba kitovu cha mtoto kisipakwe majivu. Lakini kwetu aliyejifungua hamwoshi mtoto. Bibi yako mzaa baba ndiye aliyemwosha na kumpaka. Pepopunda ikamchukua.

Muuguzi alipokuja kutoa pole, bibi yako alimwambia, "Mwanangu, mbona hukuniambia mimi?"

Siku hizi muuguzi huanza kwa kuuliza nani anamwosha mtoto. Jana, kwa jirani aliyejifungua, bibi yako alijibu, "Ni mimi. Nifundishe taratibu."

Ukirudi, msalimie yeye kwanza.

Bibi yako mdogo