Kiondo cha Mama na Ukoo wa Steinhauer

Campbelltown, Sydney
14 Juni 2025

Mpendwa dada Mwende,

Kwa heshima na taadhima nautangazia ukoo wote, wa Kitui na wa ng'ambo, kwamba kaka yenu amepungukiwa na jino moja. Tuombeane.

Haya, hujambo? Mgongo wa Mama unaendeleaje na baridi hii ya Juni? Shemeji naye, bado anakoroma? Sisi huku wazima. Cherotich wangu anakusalimu sana. Watoto pia, kwa Kiingereza.

Sasa jino. Unajua Mama aliniita Steinhauer kwa ajili ya yule daktari Mjerumani aliyemzalisha nilipokuja nimetanguliza miguu, tabia ambayo sijaiacha. Daktari akaondoka Kitui kabla hajashukuriwa. Kiondo alichosukiwa kikakaa juu ya kabati miaka na miaka, hadi nilipopanda ndege Mama akanikabidhi: "Huko kwa Wazungu, mtafute mtu wa ukoo wake." Nami, Mkamba mwema, nikaamini Steinhauer wote ni mlango mmoja.

Wa kwanza alikuwa lori, kule Wetherill Park, jina limeandikwa ubavuni kwa herufi kubwa. Nililipungia mkono. Likapita.

Wa pili alikuwa mbwa. Bustanini bibi mmoja alipaza sauti, "Steinhauer, toka majini sasa hivi!" Nikasimama na mkate wangu mkononi, mkavu kabisa, nikaomba radhi.

Wa tatu ni daktari wa meno, Bankstown. Haonwi bila miadi, basi nikaweka miadi. Nilikwenda kusalimu tu. Kabla sijafika kwenye habari za kiondo, kinywa kimejaa pamba. Jino lilikuwa bovu, sikatai. Lakini watu wake walitoka Brazili.

Ndipo Jumapili nikawaandikia kwenye grupu la familia: "Ukoo umepatikana, kiondo kimefika." Nasikia Mama alipiga vigelegele mpaka majirani wakaja. Mwende, ukweli ni huu.

Katika nyumba ya wazee ninakofanya kazi yupo Bwana Steinhauer, miaka tisini na moja. Nilimwuliza kwanza. Baba yake alikuwa mwoka mikate wa Adelaide. Hakuna hata mmoja wao aliyekanyaga Afrika. Nilijua, na bado nikampelekea. Mwenzangu Lydie, Mkongo wa Bukavu, akanicheka: "Weye Papa Mutua! Unapana kiondo ya mama juu ya jina tu?"

Lakini miezi minne sijaona mtu akimletea mzee huyu hata chungwa. Alikipapasa kiondo pole pole, akasema, "Mwambie mama yako si mimi." Kisha akatia miwani yake ndani, akauliza kama anaweza kukaa nacho tukingoja jibu la Mama.

Basi mwambie Mama, wewe una ulimi laini. Akisema kirudi, kitarudi; ila uje umpokonye wewe.

Nisalimie Shemeji, Shangazi Kalunde na Mutinda. Mungu ampe Mama usingizi mwema hata baada ya habari hii.

Kaka yako akupendaye, mwenye meno thelathini na moja,
Mutua Steinhauer