Meno Dirishani na Simu Zako Saba

Chumba cha Juu,
Nyumba ya Fundi Cherehani,
S.L.P. 418.

Jumapili, 14 Juni

Mpendwa Dada,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta salama, na kwamba mgongo wa shemeji umetulia tangu alipoacha kazi ya kusimama kutwa. Mpwa wangu mkubwa amemaliza mitihani? Na yule mdogo, bado analala na viatu vyake vipya? Mimi mwili ni mzima. Homa sina, kifua hakinisumbui, na chumba hakivuji tena tangu mwenye nyumba apandishe fundi juu ya paa. Kwa upande wa afya usiwe na wasiwasi.

Najua unaisoma barua hii ukiwa umenuna, na una haki. Tangu tarehe 3 umenipigia simu mara saba na sikupokea hata moja. Nilikujibu kwa ujumbe wa maneno mawili, "niko kazini", hata siku ya Jumapili ambayo unajua hatufanyi kazi. Nimeona nikuandikie, maana kwenye simu utanikatiza, na jambo hili nataka nilimalize.

Dada, sina meno manne ya mbele, ya juu. Si ya juzi. Miaka miwili iliyopita nilikuwa napanda kutoka majini, wimbi likainua boti, ngazi ya chuma ikanipiga mdomoni. Daktari wa meno akanitengenezea ya bandia, mazuri tu. Sikukuambia kwa sababu wiki ile ndiyo uliyojifungua, na baadaye ikawa habari iliyopoa. Kwa hiyo katika picha zote nilizokutumia tangu hapo, anayetabasamu ni daktari.

Sasa nifuate shajara yangu. Jumanne, tarehe 2, asubuhi. Maji yalikuwa na rangi ya chai, kina mita tisa. Tulikuwa tumemaliza kusugua tumbo la meli moja ndogo na hewa imebaki mitungini. Msimamizi wetu hutaka kila mwezi tufanye zoezi la kuazimana hewa: unatoa mdomoni kile kipande cha mpira unachopumulia, unampa mwenzako avute mara mbili, naye anakurudishia. Mwenzangu wa majini ni yule ninayekusimulia kila mara, ambaye tunamwita Bomba kwa sababu ya sauti yake. Nilipoutoa mpira ule, meno yakatoka nao. Niliyaona yakishuka taratibu, yakigeukageuka, hata hayakuwa na haraka, kisha yakazama kwenye matope.

Tulipopanda botini Bomba akaniuliza nimeangusha nini. Ningesema tu. Lakini mdomo ulikuwa na pengo, na boti yetu imejaa watu wanaoishi kwa kucheka wenzao. Nikaonyesha mguuni, kwenye ala ya kisu. Kisu chenyewe nilikuwa nimekisahau chumbani asubuhi ile, kwa hiyo ala ilikuwa tupu, na uongo ukapata pa kukaa.

Bomba ni mtu wa kushika neno. Alisema kisu cha mwenzake hakiwezi kulala matopeni. Siku tatu mfululizo, kila tulipomaliza kazi, alifunga kamba kwenye nanga akazunguka nayo, akiirefusha kidogo kila mzunguko, huku akipapasa chini kwa mikono miwili. Nami nilikuwa upande wa pili wa kamba, napapasa kitu kingine. Ijumaa, tarehe 5, alipanda akiwa amefumba ngumi. Alipoikunjua, hakikuwa kisu.

"Jamani," akasema, "kuna mtu hapa mjini chakula chake siku hizi ni cha kunywa tu."

Watu wakavunjika mbavu. Nami nilicheka, midomo imefungwa, kwa mabega.

Ofisini, daftari la vitu vilivyookotwa huliandika mimi kwa sababu ya mwandiko wangu. Basi nikaandika kwa mkono wangu mwenyewe: "Meno ya bandia, manne, ya juu, mbele. Kina mita tisa. Mwenyewe hajulikani." Yakawekwa dirishani kwenye kifuniko cha chupa. Ilipofika Jumatatu yalikuwa yameshapata cheo. Kila aliyeingia aliyapungia mkono na kuyauliza, "Mheshimiwa, umeamkaje?" na mwingine akajibu kwa niaba yake kwa sauti nyembamba. Kiti changu kiko hatua mbili kutoka dirisha lile. Meno yangu yalisalimiwa kuliko mimi.

Usinielewe vibaya, hawakuwa na ubaya. Mimi ni mkimya tangu zamani, unanijua, na kazi yetu yenyewe ni ya ishara za mikono. Fundi cherehani huwa ana pini mdomoni, anaguna, nami naguna, tunaachana. Dukani nilionyesha kwa kidole. Ndipo nilipoanza kuandika kila jioni nimesema maneno mangapi. Jumamosi: matatu. Jumapili: hakuna. Jumatatu: "ndiyo", mara mbili. Nilidhani itakuwa taabu kuficha pengo, nikawaza visingizio, nikajiandaa kusema nina jipu. Hakuna aliyeuliza. Hilo ndilo lililonikosesha raha, Dada, kuliko pengo lenyewe. Niligundua kwamba mtu anaweza kufunga mdomo siku zote hizo na dunia isipungukiwe kitu. Simu pekee iliyoita chumbani kwangu ilikuwa yako, nayo nikawa naitazama tu ikitetemeka mezani mpaka inyamaze.

Juzi Ijumaa, wakati wa chakula cha mchana, ukaniletea ujumbe ule: "Kama nimekukosea, niambie kwa mdomo wako. Usininyamazie kama mtu baki."

Niliusoma nimesimama. Kisha nikaenda dirishani, nikachukua kile kifuniko. Mmoja akasema nimrudishe Mheshimiwa, bado yuko kwenye kikao. Nikageuka, nikafungua mdomo wote, wakaona.

"Ni yangu," nikasema.

Nikafungua daftari, nikakata yale maneno "mwenyewe hajulikani" kwa mstari mmoja, nikaandika jina langu na kutia sahihi. Nilisikia kalamu ikikwaruza.

Bomba ndiye aliyeanza, kwa sauti ndogo ambayo sikujua kama anayo. "Na kisu?"

"Kiko chumbani. Juu ya kabati."

"Siku tatu nimekula matope," akasema, "natafuta kitu kilicho juu ya kabati lako."

Nikangoja wacheke. Badala yake alikaa chini, akajifuta uso. Akasema siku zote hizo alidhani nimemnunia, kwamba pengine kwenye lile zoezi aliuvuta mpira kwa nguvu akaniumiza. Alikuwa amemweleza hata mke wake, na mke wake akamwambia aniombe radhi, naye akawa kila siku anapanga kuja kwangu na kila siku anaghairi. Kumbe kulikuwa na mtu aliyeuona ukimya wangu. Ila aliusoma kama ulivyousoma wewe.

Baadaye walicheka, tena sana, na msimamizi akanikataza kuyatia mdomoni kabla hayajaoshwa. Akayamiminia maji ya moto birika zima. Nia yake ilikuwa njema. Meno yalipinda kidogo. Jioni kila mtu akashika njia yake kwenda kwao, nami nikapanda ngazi zangu.

Nilifika chumbani nikalitafuta jina lako kwenye simu, kidole kikawa juu yake. Nilikuwa na meno, nilikuwa na muda, na sikujua naanzia wapi. Maana ulichouliza hakikuwa habari ya meno.

Basi nikijibu ulichouliza: hukunikosea. Lakini tarehe 31 Mei uliponiambia kwamba mwaka huu tena hamtakuja, nilisema "sawa" upesi mno, nikakata simu nikidai naitwa. Sikuitwa na mtu. Haikuwa sawa. Nilikuwa nimeshaazima kitanda cha pili kwa fundi cherehani, na kimesimamishwa ukutani hapa hadi leo. Hata meno yasingedondoka, nadhani nisingepokea simu yako ya kwanza. Ya pili ndiyo ningepokea, na pengine ya tatu ningekuambia. Meno yalinipa kisingizio, nami nikakishika kwa mikono miwili. Nisamehe kwa hilo. Silaumu safari kuahirishwa, najua mambo yenu. Nasema tu kwamba nawangoja, na kungoja kwenyewe kunachosha, na sijawahi kukuambia.

Nisalimie shemeji sana. Mwambie asibebe vitu vizito akijifanya amepona. Mpwa wangu mkubwa mwambie mjomba anataka kuona matokeo yake bila kujali yalivyo. Yule mdogo mvue viatu akishalala. Na yule jirani yenu mshonaji, aliyenitumia kofia ya sufu, mwambie naivaa asubuhi botini na haijapotea. Mungu awalinde nyote mkienda na mkirudi, na akupe usingizi mzuri, kwa sababu najua ukiwa na wazo hulali.

Barua huchukua siku kama kumi kufika kwenu. Kwa hiyo Jumapili, tarehe 28, saa kumi jioni kwa saa za kwangu, nitakupigia mimi. Daktari atakuwa bado hajayanyoosha haya meno, na siku hizi kila penye herufi "s" hutoka mluzi. Ukisikia mtu anapiga mluzi kwenye shikamoo, usikate simu, Dada. Itikia.

Ni mimi mdogo wako nikupendaye,
wa kwanza kukufuata na wa mwisho kukujibu.