Panya wa Rafu ya Kati

3 Februari

Baba,

Shikamoo. Mimi mzima, kikohozi kimeondoka. Magoti yako yanaendeleaje? Mama hajambo?

Nina ombi. Mfanyakazi anayetunza panya wa maabara yetu amejifungua, na mimi nusu ya siku niko darasani nafundisha. Uje unisaidie wiki chache, na uniletee gunia la majani ya ule mlonge wa uani. Panya wako rafu tatu. Wa juu nawaacha kama walivyo. Wa kati nawachoma sindano ya dawa inayotibu maambukizi lakini huumiza figo. Wa chini nawachoma ileile, kisha nawanywesha maji ya majani yako. Figo za wa kati zikiharibika na za wa chini zikasalimika, itaonekana kwamba majani yanakinga, na shahada ni yangu. Kazi yako ni chakula na maji ya kawaida. Basi.

Binti yako

9 Februari

Mwanangu,

Marahaba. Magoti yanalalamika, mama yako pia, kwa hiyo huku hakuna jipya. Nakuja na gunia. Mtu aliyepikia bweni zima la wanafunzi mpaka anastaafu hashindwi na panya. Ila nieleze: hao wa kati walikosa nini?

Baba

21 Aprili

Baba,

Shikamoo. Natumaini basi halikukutesa. Maabara haijawahi kuwa safi kama ulivyoiacha.

Nimekwama. Tumepima figo, na za rafu ya kati ni nzima kama za rafu ya chini. Yaani dawa haikuwafanya kitu. Profesa anasema ama dawa ni bandia, ama nimekuwa nikiwachoma maji. Dawa nimeikagua, haina kasoro. Nisipompa sababu kabla ya mwezi kwisha, ananiondoa masomoni. Ulipokuwa nao, uliona chochote kisicho cha kawaida?

Binti yako

26 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Nilifika salama. Nimefurahi kusikia wa kati hawajambo, maana niliondoka roho iko juu.

Kisicho cha kawaida sikuona. Ulipokwenda kufundisha nilichemsha mlonge kwenye birika lako la chai, nikawajazia chupa zao. Wewe mwenyewe ulisema sindano inaumiza na majani yanakinga. Sasa wenzao wa chini wanywe, wao watoe macho? Bwenini, mwalimu mkuu alipomnyima mtoto chakula, dirisha la jikoni halikufungwa. Mwambie profesa sababu ni mimi.

Baba

4 Mei

Baba,

Shikamoo. Nimejaribu kukukasirikia, nimeshindwa. Angalau nimejua kwa nini chai yangu ilikuwa ya kijani.

Nilimweleza profesa. Alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Mzee wako anafanya kazi gani?"

"Alikuwa mpishi, profesa. Amestaafu."

"Hajastaafu huyo."

Ameniruhusu kuanza upya na panya wapya, mara moja tu. Nikiharibu tena, nifunge virago. Akasema nilete msaidizi yeyote isipokuwa wewe. Nimewauliza wote. Dada anaogopa panya, mjomba anaogopa kazi. Nimerudi kwa profesa kukuombea, amekubali shingo upande. Lakini niambie ukweli, baba: utaweza kuwatazama wa kati wakiugua, usitie mkono?

Binti yako

10 Mei

Mwanangu,

Marahaba. Sitaweza.

Hata hivyo nitakuja, kwa sababu shahada ni yako na panya si wajomba zangu. Fanya hivi. Kabla sijafika, wachanganye rafu zote, kila kizimba ukibandike namba unayoijua wewe peke yako. Chupa jaza mwenyewe, uzizungushie karatasi nisione rangi ya maji, mimi nitundike tu. Sindano uchome nikiwa nje nafagia. Birika lifungie kabatini. Mama yako ameshaapa kunipekua mifuko kabla sijapanda basi. Nikikuuliza wa kati ni wapi, hata nikikuuliza kwa ukali wa mzazi, usinijibu.

Nikimjua anayenyimwa, nitampa.

Baba